Ligi imeisha, P9 haijaja: Kizaazaa cha wanasoka na KRA kila Juni

MSIMU wa Ligi Kuu ya Kenya ukifika ukingoni, mwanasoka huwa na mambo matatu kichwani: mishahara ambayo klabu bado haijamlipa, timu itakayomsajili dirisha likifunguliwa, na nauli ya kwenda nyumbani kupumzika. Jambo la nne huwa halimo kabisa. Nalo ni Juni 30.

Hiyo ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha kwa Mamlaka ya Ushuru Nchini (KRA) ritani ya mapato ya mwaka uliotangulia, Januari hadi Desemba. Mwalimu yumo, askari yumo, na winga wa kushoto naye yumo. Bahati mbaya ya winga ni kwamba tarehe hiyo humkuta wakati afisi ya klabu imefungwa, katibu hapokei simu, na mweka hazina aliyekuwa akishughulikia mishahara pengine ameng'olewa kwenye uchaguzi.

Na anachokihitaji kiko kwenye afisi hiyo hiyo: fomu ya P9.

P9 ni karatasi ya ukurasa mmoja tu. Inaonyesha, mwezi baada ya mwezi, mshahara wote kabla ya makato, kilichokatwa, nafuu aliyopewa mfanyakazi, na ushuru wa PAYE uliotozwa. Mwajiri anatakiwa kuitoa kufikia mwisho wa Februari kwa mapato ya mwaka uliopita. Ukiwa nayo, kujaza ritani kwenye mfumo wa iTax hakuchukui hata kipindi kimoja cha mechi. Ukiikosa, hapo ndipo mpira unaanza kudunda vibaya.

Si kila mchezaji anayepitia haya. Wanaovalia jezi ya Ulinzi Stars ni wanajeshi, na mwanajeshi hupata P9 yake kama mwenzake ambaye hajawahi kugusa mpira. Klabu zinazomilikiwa na benki, kampuni au idara za serikali zina wahasibu ambao kazi yao ni hiyo, na P9 hufika kwa baruapepe bila mtu kubembelezwa.

Kilio kiko kwenye klabu za kijamii, zile zinazoishi kwa mapato ya mlangoni, michango ya mashabiki na mdhamini akipatikana. Huko mshahara wa Oktoba unaweza kuingia Januari, nusu yake kwa benki na nusu kwa M-Pesa, bila karatasi yoyote. Mdhamini akiondoka, mambo huparaganyika zaidi. Mashabiki wanakumbuka Januari 2018, SportPesa ilipokatiza ufadhili wake wote wa michezo nchini baada ya ushuru wa asilimia 35 kuwekewa kampuni za kamari, kisha ikarudi, kisha ikaondoka tena Agosti 2019. Gor Mahia na AFC Leopards ziliyumba mara zote mbili. Miezi michache baadaye, Novemba 2019, Sony Sugar, mabingwa wa mwaka 2006, walitimuliwa ligini kwa kukosa kufika uwanjani mara tatu. Klabu inaweza kutoka kwenye jedwali Novemba. Mwaka wa ushuru hauishi hadi Desemba, na ritani hudaiwa Juni inayofuata. Mchezaji aliyebaki bila timu bado anatakiwa kueleza alipata nini.

Sasa afanyeje huyu aliyekosa P9?

Wengi huchagua njia ya mkato: wanawasilisha ritani ya sufuri. Ni rahisi kweli. Unaingia iTax, unabonyeza mara tatu nne, unapata risiti, umemaliza. Mtu wa saibakafe hukufanyia kwa pesa kidogo tu, wala hakuulizi swali. Lakini ritani ya sufuri ni ya mtu ambaye hakuwa na mapato yoyote mwaka mzima: mwanafunzi, asiye na kazi, mama wa nyumbani asiye na biashara. Mchezaji aliyelipwa hata miezi mitano kati ya kumi na miwili, akitangaza sufuri, ametia sahihi taarifa ya uongo. Klabu ikija kuamka na kuwasilisha rekodi zake za PAYE, jina lake litatokea upande mmoja likiwa na mshahara, na upande wa pili likiwa na sufuri. Kompyuta ya KRA haihitaji VAR kuona hapo kuna kasoro.

Wengine hawawasilishi kabisa. "Klabu haikunipa P9" huwa ndiyo hoja yao, na mtaani inasikika kuwa hoja nzuri. Kwa KRA haisaidii. Faini ya mtu binafsi anayechelewa ni Sh2,000 au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, ile iliyo kubwa. Sh2,000 si pesa za kumfilisi mtu, lakini hutozwa kila mwaka. Beki aliyekaa misimu mitano bila kuwasilisha ana Sh10,000 zinazomngoja, hata kama ushuru wenyewe ulikatwa na kulipwa wote.

Kibaya ni kwamba deni hilo hujitokeza siku ambayo hakulitarajia. Soka ya humu nchini hailei mtu hadi uzeeni. Goti likigoma akiwa na miaka 29, jamaa anatuma maombi ya kazi kwenye kaunti au kwenye shirika la serikali, na miongoni mwa karatasi anazoitishwa ni cheti cha KRA cha kuonyesha kwamba hana deni la ushuru. Hapo ndipo anakumbuka klabu aliyochezea miaka sita iliyopita, ambayo leo hata haina afisi.

Lakini faini ya kuchelewa ni kitu kidogo ukilinganisha na swali lenyewe lililo nyuma ya P9 inayokosekana: ushuru uliokatwa ulikwenda wapi?

Chukua mfano wa kiungo mmoja wa kubuni. Januari hadi Juni yuko klabu ya kwanza kwa mshahara wa Sh40,000 kwa mwezi. Julai anahamia klabu ya pili, anapewa Sh60,000 hadi Desemba. Mwaka mzima amepata Sh600,000. Kwa viwango vya sasa, Sh288,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, Sh100,000 zinazofuata asilimia 25, na zinazobaki, Sh212,000, asilimia 30. Jumla ni Sh117,400. Ondoa nafuu ya kibinafsi ya Sh28,800, kunabaki ushuru wa Sh88,600. (Hesabu hii imeacha nje makato ya NSSF, ya afya ya SHIF na ushuru wa nyumba, ambayo hupunguza kiasi kinachotozwa, imeachwa hivyo ili iwe rahisi kufuata.)

Klabu ya pili inamkata takriban Sh10,383 kila mwezi na kuziwasilisha KRA inavyotakiwa, kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Kwa miezi sita ni Sh62,300. Klabu ya kwanza nayo ilikuwa ikimkata Sh4,383 kila mwezi. Kiungo wetu aliona mshahara umepungua akanyamaza, akijua ni mambo ya serikali. Ila klabu haikuwasilisha hata senti. Hizo ni Sh26,300.

Akiingiza mapato yake yote kwenye ritani, iTax inaona ushuru wa Sh88,600 na malipo ya Sh62,300. Tofauti inakuwa deni lake. Deni hilo lisipolipwa kwa wakati linaongezwa asilimia 5, ambayo ni Sh1,315, na riba ya asilimia 1 kila mwezi, Sh263 nyingine. Kijana alikatwa pesa mwaka jana, na mwaka huu anaitishwa pesa zile zile.

Hapa ndipo uhamisho wa katikati ya mwaka unapowaponza wanasoka kuliko wafanyakazi wengine. Msimu wa ligi na mwaka wa ushuru haviendi pamoja. Mchezaji aliyebadilisha timu anahitaji P9 mbili, na ile anayoikosa huwa ni ya klabu aliyoondoka, pengine kwa ugomvi, pengine huku ikimdai jezi za mazoezi. Kwa anayerejea kutoka ligi ya Tanzania kuna la ziada la kumchanganya: kule mfanyakazi mwenye mwajiri mmoja na asiye na mapato mengine hahitajiki kuwasilisha ritani, mambo yanaishia kwa mwajiri. Kenya haiko hivyo. Hata kama PAYE imelipwa yote, ritani bado ni jukumu la mchezaji mwenyewe.

Sheria, kwa haki yake, haimuachi mchezaji uchi. Chini ya kifungu cha 37 cha Sheria ya Ushuru wa Mapato, kazi ya kukata na kuwasilisha PAYE ni ya mwajiri, na ushuru uliokatwa kwenye mshahara huchukuliwa kuwa umelipwa na mfanyakazi. KRA inaweza kuufuata kwa mwajiri kana kwamba ni deni lake mwenyewe. Mwajiri anayechelewesha ritani ya PAYE hupigwa faini ya asilimia 25 ya ushuru huo au Sh10,000, ile kubwa. Nayo Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 20, inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi taarifa ya maandishi ya mshahara na makato kila anapomlipa. Marupurupu ya ushindi nayo yamo. Klabu isijifiche nyuma ya neno "posho".

Tatizo ni ushahidi. Ili mchezaji aseme alikatwa, lazima aonyeshe alikatwa. Asiye na peslipu hata moja, na mkataba wake uko kabatini mwa mwenyekiti, ataambia KRA nini?

Ulimwengu mzima wa soka ulipata somo la kujitetea kwa "sikujua" kutoka kwa Lionel Messi. Julai 2016, mahakama ya Barcelona ilimhukumu yeye na babake kifungo cha miezi 21 kwa ushuru wa Euro milioni 4.1 wa miaka ya 2007 hadi 2009. Kesi yake haikuwa ya mshahara, ilihusu mapato ya haki za picha, na hakuingia jela. Kifungo kiligeuzwa faini. Lakini utetezi wake unafahamika kwa mchezaji yeyote wa Kenya: kwamba yeye kazi yake ilikuwa kucheza, karatasi alimwachia baba na mawakili. Mahakama ya Juu ya Uhispania iliukataa utetezi huo mwaka 2017. Kama Messi hakusikizwa, beki wa kulia wa timu iliyoshuka daraja asitarajie miujiza.

Kazi ya kwanza basi, na inafaa kufanywa Machi badala ya Juni 28, ni kuiomba klabu P9 kwa maandishi. Si kwa kumwambia meneja wa timu mazoezini. Barua au baruapepe kwa katibu, yenye jina, nambari ya PIN, na miezi anayoulizia, na nakala abaki nayo. Klabu ikijibu, vizuri. Ikinyamaza, barua hiyo ni ushahidi kwamba mchezaji hakulala.

Ya pili ni kuingia iTax mwenyewe na kutazama. Wengi hawajui hili, na lingewaondolea wasiwasi nusu. Mwajiri anapowasilisha PAYE kila mwezi, huorodhesha kila mfanyakazi kwa PIN yake. Taarifa hizo hujitokeza kwenye ritani ya mfanyakazi zikiwa zimeshajazwa: mwajiri ni nani, mshahara kiasi gani, PAYE kiasi gani. Ikiwa zimo na zinalingana na alichopata, basi klabu ilifanya kazi yake na ni karatasi tu iliyokosekana. Mchezaji anaendelea na ritani, anamaliza. Ikiwa hamna kitu, ameshapata jibu la swali la wapi pesa zilikwenda, au angalau wapi hazikufika. Na kuna hali ya tatu isiyofurahisha: mshahara ulioandikwa ni mkubwa kuliko aliopokea, kwa sababu klabu imeandika mkataba unavyosema wala si ilivyolipa. Hilo lisikubaliwe kimyakimya. Kinachotangazwa ni alicholipwa.

Pasipo na taarifa, mchezaji anajenga P9 yake mwenyewe. Mkataba uliotiwa sahihi. Peslipu zilizopo, hata kama ni tatu tu. Taarifa ya benki ya Januari hadi Desemba. Taarifa ya M-Pesa ya kipindi hicho, ambayo Safaricom huitoa kupitia simu bila kwenda dukani. Kila malipo ya klabu yapigiwe mstari na kuandikwa ni ya mwezi gani.

Hapa kuna mtego wa mwisho, na huwanasa hata watu wa maana. Pesa zilizoingia benki si mshahara wote. Ni mshahara baada ya makato. Mwenye mkataba wa Sh40,000 aliyepokea Sh35,000 na ushei, akiandika hizo Sh35,000 kama mshahara wake wote, ametangaza kidogo kuliko alichopata, na papo hapo amejinyima haki ya kusema kwamba alikatwa PAYE. Mshahara wote ni ule wa kabla ya makato. Kilichokatwa kina nafasi yake kwenye fomu, pamoja na PIN ya klabu. PIN hiyo isipojulikana, mara nyingi huwa kwenye peslipu au kwenye P9 ya mwenzake aliyebahatika kupata. Chumba cha kubadilishia nguo kina faida zake.

Ritani ikishajazwa kwa takwimu hizo, iwasilishwe kabla ya Juni 30, hata kama bado kuna mvutano na klabu. P9 ikifika Agosti na kuonyesha takwimu tofauti, sheria inaruhusu kurekebisha ritani, ndani ya miaka mitano. Kuchelewa ukingoja karatasi kamilifu ndiko kunakoleta faini. Karatasi zote zihifadhiwe kwa miaka mitano pia.

Ushuru uliokatwa na haukufika unahitaji miguu. Mchezaji aende afisi ya KRA iliyo karibu, au dawati lake kwenye Huduma Centre, akiwa na mkataba, peslipu, taarifa ya benki na ile barua ya Machi. Akitumiwa barua ya makadirio ya ushuru asiokubaliana nao, ana siku 30 za kuweka pingamizi kwa maandishi. Siku hizo hazisimami kwa sababu timu iko ugenini.

Sababu kubwa inayowafanya wachezaji wanyamaze ni hofu, na hofu hiyo ina msingi. Anayeuliza maswali ya mishahara huitwa mchochezi, na wiki inayofuata anajikuta jukwaani akitazama mechi na mashabiki. Mwenye mkataba unaoisha Juni hataki kugombana na anayempa mkataba mpya. KRA ina jukwaa la iWhistle ambalo mtu anaweza kuripoti mwajiri anayekwepa ushuru bila kutaja jina lake. Chama cha wanasoka, KEFWA, nacho kipo kwa ajili ya maslahi ya wachezaji, na barua moja yenye majina ya wachezaji kumi na wanane huwa nzito kuliko ya mmoja. Kocha hawezi kuweka benchi kikosi kizima.

Klabu nazo zisijidanganye kwamba haya ni mambo madogo ya karatasi. Gor Mahia na AFC Leopards zote zimewahi kufungiwa na FIFA kusajili wachezaji kwa sababu ya malimbikizo ya malipo, na kanuni za FIFA humruhusu mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili kuvunja mkataba baada ya kuipa klabu notisi ya siku 15. Afisi isiyoweza kuonyesha nani alilipwa nini mwezi gani haiwezi kujitetea mbele ya FIFA, mbele ya KRA, wala mbele ya mahakama ya ajira, ambako mwajiri asiyeleta mkataba wa maandishi ndiye hubebeshwa mzigo wa kuthibitisha.

Dirisha la uhamisho linafuata, na mikataba mipya itatiwa sahihi hotelini, picha zipigwe na skafu shingoni. Kabla ya picha, mchezaji anaweza kuomba vitu vitatu ambavyo haviigharimu klabu chochote: PIN ya klabu, nakala ya mkataba, na sentensi moja kwamba atapewa peslipu kila mwezi. Wakala wake anayechukua asilimia yake kwenye dili ndiye wa kwanza kupaswa kuviulizia.

Na kwa aliyesoma haya Juni 30 usiku, iTax hubaki wazi hadi saa sita.